Toa pini kwanza, habari za maboksi baadaye

Dada, weka chini huo mfuko wa kunyonya hewa. Kama umeshaufunga, kaufungue halafu ndiyo uje usome.

Nimeelewa swali lako. Una viporo vya kwilti, yaani yale mablanketi ya kuunga vipande vya vitambaa ambayo hujayamaliza, vimejaa chumba: vingine ni vipande tu, vingine uso umeshaungwa, na vitatu umeshavipanga matabaka yote, bitana, pamba na uso, ukavibana kwa pini za nepi. Unataka kuvifungia kwenye mifuko ya plastiki ya kunyonywa hewa kwa pampu na kuvipandisha juu ya kabati hadi upate nafasi. Unauliza upange kwa rangi au kwa ukubwa, uandike nini juu ya kila kimoja, na uanze kumalizia kipi. Waliotangulia wamekujibu vizuri tu habari za vibandiko na maboksi yanayoonyesha ndani. Ila hakuna hata mmoja aliyeshtuka kusikia "nimevibana kwa pini". Jamani! Mnasoma au mnapita tu?

Mimi nilikuwa na kwilti ya kitanda kikubwa, nyota za pembe nane, na kila ncha imekutana na mwenzake. (Ndiyo, kila ncha. Nilifumua hadi zikakutana, msinibishie.) Nikapanga matabaka, nikabana pini kila upana wa kiganja kama tulivyofundishwa. Kisha yakaja ya dunia, kazi ikasimama. Nikaikunja na pini zake zote, nikaitia mfukoni, nikanyonya hewa mpaka ikawa bapa, nikasimama kuitazama ile nafasi niliyookoa kabatini na kujiona mjanja kupita wote.

Nilipokuja kuifungua, kwilti ilikuwa na surua. Doa la kahawia kila palipokuwa na pini. Piga hesabu mwenyewe: mita 2 kwa mita 2, pini kila sentimita 10, ni kama pini 400. Kila pini ina tundu la kuingilia na la kutokea, kwa hiyo hapo una madoa 800 usoni, na bitana nayo ina ya kwake. Pini nyingine ziligoma kabisa kufunguka. Ukilazimisha, inatoka na nyuzi za kitambaa mdomoni. Pamba ya katikati ililala na haikuinuka tena, na penye mikunjo palibaki mistari ambayo pasi iliishindwa.

Nikiwa na hasira zangu nikachukua dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya klorini. Hapo ndipo nilipoizika rasmi. Klorini haitoi kutu, inaikoleza. Kinachoyeyusha kutu ni asidi: ndimu na chumvi kwa doa dogo, au asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na inataka glavu na dirisha wazi. Zote mbili zinaweza kula rangi ya kitambaa. Kwenye shuka jeupe unaweza kujaribu. Kwenye kwilti yenye vitambaa vya kila rangi, unachagua tu upoteze nini. Na usidhani kutu ni uchafu wa juu juu. Chuma kinaharakisha kuoza kwa nyuzi za pamba, ndiyo maana nguo kuukuu huanza kutoboka pale pale penye doa la kutu. Nyota zangu zilifuata njia hiyo hiyo. Sasa hivi ni kitanda cha paka, naye hata hailalii vizuri.

Sasa nije kwa yule aliyeniponza. Jina silitaji, maana nimelelewa. Alikuwa anatufundisha kushona na, bahati iliyoje, pini nazo alikuwa anauza yeye. Maneno yake: "Hizi zimepakwa nikeli, hazishiki kutu. Ziache humo hata miaka." Na mfuko wa kunyonya hewa ni ushauri wake pia. Mwalimu wangu mpendwa, nikeli ni ganda tu juu ya chuma! Pini inachubuka ncha kwa kutoboatoboa, na pale waya ulipojikunja ganda nalo hupata nyufa. Likishachubuka, chuma kiko uchi. Na pamba haijawahi kuwa kavu kama tunavyodhani: katika hewa ya kawaida ya chumbani inabeba maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, nawe ukiishika unaona kavu kabisa. Ile pampu inatoa hewa, haikaushi kitambaa. Hewa inayobaki na unyevu ulioko vinatosha kuanza kazi, na wewe umekandamiza chuma na nguo vikumbatiane. Ukiifunga siku ya mvua ndiyo kabisa, na ukungu utakuja kama nyongeza.

Nilimrudia na kwilti mkononi. Akaigeuza, akaigeuza, akasema, "Kumbe ulikuwa hujaimaliza?" Kumbe! Ningekuwa nimeimaliza pini zingekuwa zinatafuta nini humo ndani? Wasiomaliza tungekuwa hatupo, angemuuzia nani?

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: chuma hakilali na kitambaa. Si pini za nepi tu. Sindano uliyoichomeka pembeni "nisije nikaipoteza", pini zenye vichwa vya rangi, zote nje. Kuna watakaokuja hapa kuniambia za chuma kisichoshika kutu hazina shida. Zina nafuu, sikatai, ila zinaacha matundu kwenye vitambaa vilivyofumwa karibu karibu, na siku utakayosahau moja atakayeipata ni mtu aliyelala. Nyumbani wananiita mkaguzi. Sawa, nimekubali cheo.

Vile vitatu vyako fanya hivi. Vitandaze tena, mezani au sakafuni, uvipige bandi kwa mkono: uzi mwembamba mweupe wa pamba, mishono mirefu ya kama sentimita 5, mistari iachane upana wa kiganja, anzia katikati uende nje. Uzi mweusi au mwekundu usitumie, ukipata unyevu unaweza kuchuja rangi. Kila mstari ukishaupita, pini za hapo zinatoka. Ni kazi ya kuchosha mgongo, sikudanganyi, lakini kwilti iliyopigwa bandi inaweza kukungoja bila kudhurika. Kama huna nguvu hizo, basi toa pini zote, tenganisha matabaka, kunja kila kimoja peke yake. Kupanga upya utapanga tu.

Baada ya hapo tia kwenye foronya ya pamba iliyofuliwa, siyo plastiki ya kubana. Usikunje katikati kila mara. Kunja kwa sehemu tatu, na ukipita hapo siku nyingine ubadilishe mkunjo. Boksi la karatasi au rafu ya mbao tupu visigusane na kitambaa moja kwa moja, vina asidi na vinageuza nguo njano. Ulichopiga wanga kifue kwanza, kuna wadudu wanaoupenda kuliko sisi. Kama ulichora kwa ile kalamu ya bluu ya kufutika kwa maji, ifute KABLA ya pasi na kabla hujahifadhi, kwa sababu ikipata joto haitoki tena. Na tepu ya karatasi ya kunyooshea mistari bandua leo, gundi yake ikikaa inahamia kwenye nguo.

Juu ya foronya andika upana wa mshono na futi ya cherehani uliyotumia, kile kiguu kinachokandamiza nguo chini ya sindano. Wengi tunashona milimita 6, lakini milimita 6 ya futi moja siyo ya nyingine, na ukirudi na cherehani tofauti vipande havikutani. Andika pia kama vitambaa ulivifua kabla ya kukata au la, visije vikarudi vingine na vingine vikabaki.

Kulikuwa na swali la rangi nadhani? Panga utakavyo, rangi haishiki kutu.

Anza na vile vitatu leo hii, usinisubiri nijibu maswali. Pini zote zitie kwenye kopo, ulipige picha, uiweke hapa. Nataka kuziona zikiwa nje.