Jibu: Ukitetemeka, wewe si shujaa?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu anayetetemeka anaweza kuitwa shujaa. Mie naona anaweza, tena sana.

Juzi nilipanda matatu pale Feri kuja mjini. Makanga akamnyima bi mmoja mzee chenji yake, shilingi hamsini. Sote kimya, mimi nikajitia nasoma simu. Binti mmoja wa yunifomu ya shule akasema, "Mrudishie bibi pesa zake." Sauti ilimkatika katikati, na mkono ulioshika mkoba ulikuwa ukitetemeka. Noti ikatoka. Binti yule hakuwa mbabe. Pengine aliogopa kutuzidi sote.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi wetu hujificha nyuma ya methali hiyo (nami siku ile nilijificha). Lakini mtazame Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama wa pwani ya Kenya kuwakataa Waingereza mwaka 1913. Walimkamata, wakampeleka mbali hadi Kisii. Akatoroka, akarudi kwao, akaendelea palepale alipoachia. Safari yote ile, mamia ya kilomita, usiniambie hakuogopa hata usiku mmoja.