Meneja analeta mchele na soda, mto unanuka

SWALI: Shikamoo dada. Kijijini kwetu mto unapita nyuma ya kiwanda, toka mwaka juzi maji yana rangi ka chai ya mkandaa, ng'ombe watatu wa baba wamekufa na watoto wanajikuna usiku kucha. Tukilalamika meneja analeta mchele na soda, juzi kaja na karatasi eti tusaini. Nasikia Wazambia walishtaki mpaka London wakalipwa, na sisi je?
Mama Wawili, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marhaba mdogo wangu. Karatasi msisaini kabla wakili hajaisoma, mchele kuleni.

London ni kweli. Watu 1,826 wanaoishi karibu na mgodi wa shaba wa Nchanga, Chingola, waliishtaki Vedanta, kampuni mama ya wenye mgodi, kwa vile yenyewe ilikuwa Uingereza, 2019 Mahakama ya Juu ya kule ikaruhusu kesi iendelee, 2021 wakamalizana nje ya mahakama bila kampuni kukiri kosa. Kiwanda chenu kama mwenyewe ni wa hapahapa basi London sahau.

Mimi iliyoniuma ni kesi ya kabla, mgodi huohuo. 2006 sumu iliingia mto Kafue, watu kama 2,000 wakashtaki Zambia kwao, 2011 wakashinda, kampuni ikakata rufaa, na 2015 Mahakama ya Juu ya Zambia ikasema kosa lipo ila fidia wapate 12 tu, wenye vyeti vya daktari. Kumi na wawili jamani!

Kwa hiyo mtoto akijikuna apelekwe zahanati leo, sio mwarobaini tu (najua tunavyoupenda), cheti kiwe na tarehe. Ng'ombe akifa afisa mifugo aje aandike kabla hamjamfukia. Maji mliyojichotea kwenye chupa ya soda wakili wao atayacheka, andikeni barua NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, kupitia mtendaji, ombeni waje kuchukua sampuli, na nakala iliyogongwa muhuri mbaki nayo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inamruhusu yeyote kushtaki, na mkiwa wengi wachache wenu wanaweza kuwawakilisha kwa kibali cha mahakama. Ila madai ya fidia ya hivi yana ukomo wa miaka 3, na wewe umesema toka mwaka juzi, kwa hiyo wakili tafuteni mwezi huuhuu msisubiri mavuno.