Kifaa cha sitaha kikicheza, usikimbilie kukaza

Wanaoanza kutunza vyombo vidogo vya tanga kwenye Ziwa Kivu, awe Goma au Bukavu, wengi huanza na turnevisi. Puli inacheza, vise (skrubu) inakazwa nusu mzunguko. Kesho yake inaongezwa nusu nyingine. Siku ya tatu inazunguka bure. Hapo ndipo wanapouliza vise kubwa zaidi, na swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo ni hili: maji yameshafika wapi?

Sitaha ya faiba mara nyingi si bamba moja. Ni ngozi mbili nyembamba, na katikati kuna kiini cha balsa (mbao nyepesi), povu gumu au tripleksi. Kifaa kikianza kucheza, mastiki ya chini yake (gundi ya kuzuia maji) huachana na sitaha, na maji hufuata uzi wa vise mpaka kwenye kiini. Balsa au tripleksi ikilowa inaoza na kulainika. Ukikaza wakati huo unakisaga kiini, ngozi ya juu inabonyea na njia ya maji inapanuka.

Kwa hiyo gonga kwanza, kwa mpini wa turnevisi, ukizunguka kifaa taratibu. Sauti kali na kavu ni nzuri. Sauti nzito, kama unagonga kartoni iliyolowa, ni kiini kilichooza. Chora mpaka wake kwa penseli. Ukikuta eneo hilo limezidi kiganja, kujaza matundu ya vise peke yake hakutatosha: ngozi ya juu itakatwa na kiini kiwekwe upya, kazi ambayo mgeni asiifanye bila fundi pembeni.

Kama vifaa vingi vinacheza, anza na vinavyobeba mzigo: vishikio vya kamba za chuma za mlingoti, bawaba za usukani, na mikanda ya kuingizia miguu unapoegemea nje. Mkanda ukichomoka kwenye upepo wa alasiri, mtu anaanguka majini chali. Kibanio cha kamba ndogo kinaweza kungoja wiki.

Ng'oa kifaa chote na uondoe mastiki ya zamani mpaka faiba ionekane. Silikoni ndiyo inayosumbua: mabaki yake hayaonekani kwa macho, lakini epoksi (gundi ya rezini na kigumushi) wala rangi haitashika juu yake. Ikwangue, piga msasa, kisha pangusa kwa asetoni na kitambaa safi. (Chombo cha plastiki ya polietilini ni habari nyingine; epoksi haishiki vizuri hapo, tegemea bulo (bolti) na bamba la chini.)

Kifaa kitarudishwa kwa bulo badala ya vise, katika tundu lililojazwa epoksi. Kwa bulo ya 5 mm, panua tundu hadi 10 mm kwenye ngozi ya juu na kiini, bila kuipanua ngozi ya chini. Kunja ncha ya msumari, uufunge kwenye mashine ya kutoboa, uuzungushe ndani polepole: utachimba kiini milimita chache pande zote bila kugusa ngozi. Acha pakauke kabisa. Juni hadi Agosti ni rahisi. Kipindi cha mvua weka chombo chini ya paa siku kadhaa, maana epoksi juu ya unyevu ni kazi bure.

Ziba tundu kwa chini na utepe. Lowesha kuta kwa epoksi nyepesi, ukitumia bomba la sindano la famasi bila sindano yenyewe, kisha jaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa silika mpaka iwe nzito kama karanga iliyosagwa. Kipimo cha rezini na kigumushi ni kile kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza kigumushi kwa sababu usiku wa Goma una baridi hakuharakishi kitu. Kunaacha tope lisilokauka. Rezini inayokubali hilo ni poliesta, ambayo kichocheo chake kinaweza kupunguzwa au kuongezwa kidogo, na wengi wanazichanganya hizi mbili. Baridi inatibiwa kwa kungoja siku mbili badala ya moja.

Ikikauka, toboa katikati kwa meshi ya 5.5 mm, kisha panua mdomo wa tundu kidogo kwa meshi kubwa ili mastiki ipate mahali pa kukaa kama pete.

Bulo zikinunuliwa Birere, Goma, au Kadutu, Bukavu, nenda na sumaku. Ikinata kwa nguvu, ni chuma kilichopakwa kung'aa, kitatoa kutu. Inox (chuma kisichoshika kutu) ya daraja A2 inatosha kwa maji ya ziwa la Kivu. A4 ni ya bahari. Paka grisi kidogo kwenye uzi, kwani ekru (nati) ya inox hushikana na bulo yake ikikazwa kavu, na ikishashikana utaikata kwa msumeno.

Chini ya sitaha weka tripleksi ya 9 mm iliyopakwa epoksi hadi kingoni, au alumini ya 3 mm, iwe pana kuliko kifaa sentimita 2 kila upande, pembe zikiwa za mviringo. Rondeli (washa) ndogo peke yake hupenya ngozi ya chini. Kama chini ni tangi lililofungwa, kata tundu la kuingiza mkono na uweke kifuniko cha kuzungusha. Watu hukwepa hilo kwa kutumia vise nene zaidi. Msimu mmoja tu, zitacheza tena.

Paka mastiki ya poliyuretani, kaza mpaka itokeze pande zote, simama. Kesho yake ongeza robo mzunguko. Shika bulo isizunguke, zungusha ekru. Bulo ikizunguka inararua mastiki ambayo imeanza kushika.

Mwisho, pima kama hewa inavuja: paka maji ya sabuni kwenye kila kifaa, mwenzako apulize kwa mdomo kupitia tundu la kutolea maji, huku mengine yamezibwa. Usitumie kompresa, itapasua maungio ya chombo. Povu likitokea, ng'oa kifaa hicho hicho leo, mastiki ikiwa bado changa.