Kijana Anayetoka Kituoni Apewe Chumba Mtaani Kwanza

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana aliyelelewa kituoni, yaani kwenye makao ya watoto, akishafika umri huo, au akishamaliza kidato cha nne, swali ni moja tu: anakwenda wapi? Nimekuwa mlezi kwenye makao ya watoto hapa Tanga, na sasa nasimamia nyumba tuliyopanga Makorora, ambako vijana wetu wanakaa kwanza kabla ya kujitegemea kabisa. Walezi wenzangu, na ninyi mnaofadhili makao, ushauri wangu ni huu: kujitegemea hakufundishiki ndani ya geti. Mpeni kijana chumba mtaani, halafu mkae karibu naye.

Semina tumeshafanya nyingi, za ujasiriamali, za kutengeneza sabuni, na zina faida yake. Lakini mtoto aliyekulia nyumbani anajua mambo chungu nzima ambayo hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha. Alitumwa dukani tangu mdogo. Alimwona mama yake akiazima unga kwa jirani na kuurudisha. Alimsikia baba akimbembeleza mwenye nyumba amsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kituoni mchele unaingia kwa magunia na umeme unalipiwa ofisini.

Kijana wetu mmoja alipohamia Makorora alipika wali wa kilo mbili, ale peke yake. Hakuwa mlafi. Alikuwa hodari wa zamu ya jikoni, ila tangu utotoni alikuwa akipikia kituo kizima, na sufuria ndogo hakuwahi kuishika. Tukaenda naye soko la Mgandini. Akanunua mchele nusu kilo, mafuta ya kupima, fungu la nyanya na dagaa kidogo. Kila alichotajiwa bei alitoa hela papo hapo, mpaka mama mmoja aliyekuwa pembeni akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, mbona huombi upunguziwe?" Nilimshukuru sana yule mama. Somo lile mimi nisingelifundisha vizuri kama alivyolifundisha yeye, pale pale penye fungu la nyanya.

Kabla ya chumba, lakini, kuna makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kijana akiwa bado mikononi mwenu, kwa sababu asiyejua wazazi wake wako wapi atahitaji barua na watu wazima wa kumsemea. Akifika miaka 18 apelekwe NIDA, akaandikishwe kitambulisho cha taifa. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana pa kupokelea hata mshahara wa kibarua. Mtambulisheni pia kwa mwenyekiti wa mtaa atakaohamia, uso kwa uso.

Chumba chenyewe kiwe kwenye nyumba ya kawaida, yenye wapangaji wengine na uani wa pamoja. Wapo wanaopenda kuwajengea vijana mabweni yao peke yao, pembeni ya mji. Mimi siungi mkono, maana hicho ni kituo kingine. Kwenye nyumba ya kupanga kijana atakutana na mchango wa luku, yaani umeme wa kulipia kabla, na ugomvi wake pia: mwenye friji na mwenye taa moja wanachangia sawa? Atapangiwa zamu ya kufagia uani na kuosha choo. Jambo ambalo sisi walezi tunalisahau kabisa ni msiba. Jirani akifiwa, kijana wetu alikuwa akijifungia ndani, si kwa dharau, bali hakujua aende kufanya nini. Siku hizi naenda naye. Anabeba viti, anachota maji, anatoa rambirambi yake hata kama ni ndogo. Asiyeonekana msibani hapa Tanga ataugua na hakuna atakayemgongea mlango.

Kuhusu kodi, wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye ana chake. Kijana wa miaka 18 haziwezi hizo. Sisi tunalipa yote mwanzoni, kisha tunachangia naye nusu kwa nusu, kisha inakuwa yake. Na chumba kimoja tunakiacha bila mtu, kwa ajili ya atakayepoteza kazi au kuugua. Wafadhili hawakipendi kile chumba. Mimi nakitetea kila mwaka, kwa sababu mtoto wa nyumbani akikwama anarudi kwao, na hawa kwao ni kwetu.

Uingereza, sheria ya mwaka 2000 ilitaka kila kijana anayetoka kwenye malezi awe na mshauri wake na mpango wa maandishi. Sheria ya mwaka 2017 ikaruhusu apate mshauri huyo mpaka miaka 25. Kwetu mpango wa maandishi hauhitaji kusubiri sheria. Daftari linatosha: ataishi wapi, atasomea au atafanya kazi gani, nani atamtembelea, mara ngapi. Muandike na kijana mwenyewe, akiwa kidato cha tatu, kisha nakala mpelekeeni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Muulizeni pia mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: katika hizo 10, asilimia 4 ni za vijana. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo vijana wenu waanze kujuana na wenzao wa mtaani mapema.