Developa na mtu wa databesi wanalipwa shingapi? Majibu yangu nikiwa Mbeya

Wadogo zangu wengi wanaomaliza chuo pale MUST Iyunga wakinipata wanauliza kitu kimoja, kaka hii fani ya kuandika programu na kutunza databesi (zile kumbukumbu za mfumo zilizopangwa kwenye majedwali) inalipa shingapi, na ukiangalia sura mtu anataka namba moja aondoke nayo. Namba moja haipo jamani. Nawajua watu wawili wana cheti kilekile, wamekaa darasa moja, mmoja yupo ofisi binafsi hapa mjini anapambana na laki sita, mwenzake anafanya kazi inayofanana kabisa anakula zaidi ya milioni mbili na wala hajui Python, hii lugha ya kuandikia programu, kumzidi yule wa laki sita. Kwahiyo ukiniuliza ujifunze lugha gani ili ulipwe vizuri nitakujibu, ila utakuwa umeuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

La kwanza ni hili: mfumo unaoushika ukizima, hela ya nani inasimama, na anaweza kuvumilia muda gani kabla hajaanza kupiga kelele. Mimi miaka yangu yote kwenye kazi hizi za mifumo na databesi hapo ndo nimeona mshahara unapopangwa, mengine yanafuata.

Nina mteja mwenye shule. Mfumo wake wa ada unachemka mwezi wa kwanza na mwezi wa saba wanafunzi wakirudi, hapo katikati hata ukilala wiki nzima mhasibu anatoa daftari lake anaandika kwa kalamu na maisha yanaenda. Huyo kumtoa hela ya matunzo ya mfumo ni vita, sio kwamba ni mbaya, ni kwamba haumii. Halafu nina mwingine yupo Tunduma, wakala wa forodha, anashughulika na malori ya kwenda Zambia na Kongo. Huyu mfumo wake wa nyaraka ukigoma saa moja tu, dereva anapiga simu, mwenye mzigo anapiga simu, na lori likisimama linakula hela ya paking na posho ya dereva. Kazi niliyomfanyia ni ndogo kuliko ya shule, databesi yake majedwali machache tu, lakini analipa karibu mara mbili na analipa kabla sijamkumbusha. Ujuzi wangu ni uleule, nilichobadilisha ni mtu ninayemhudumia.

Sasa hiyo haina maana wenye hela ndogo uwakimbie, manake huku kwetu SACCOS, AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) za kahawa kule Mbozi, za mpunga huko Usangu, zahanati, maduka ya pembejeo, hao ndo soko lenyewe. Ila tafuta sehemu inayowauma. Kuna SACCOS moja ya wakulima sitaitaja, kila mwisho wa mwezi ripoti ya riba na akiba walikuwa wanaianzisha mchana inakuja kutoka usiku, mhasibu mama wa watu anakaa ofisini peke yake anasubiri, na siku ikikwama katikati wanaanza upya kesho. Walishaambiwa na muuzaji kwamba seva imezeeka wanunue nyingine. Nilipofika sikugusa seva, niliomba nione ile kwiri yenyewe, yaani maagizo ambayo ripoti inaipa databesi, nikaiwekea neno EXPLAIN mbele ili databesi ieleze inavyotafuta, databesi ikanionyesha kwamba kwa kila mwanachama inasoma jedwali zima la miamala toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha anakuja mwanachama mwingine inaanza tena. Hakukuwa na indeksi, ni kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu, kwenye namba ya mwanachama na tarehe ya muamala, basi. Nikachukua bakapu kwanza, yaani nakala ya ziada ya data, nikaandika amri yangu ya CREATE INDEX ya kuitengeneza hiyo indeksi, ripoti ikatoka chai yangu haijapoa.

Mama akaniangalia, "Sasa mwanangu, kwa hicho tu ndo nikulipe hela yote hiyo?"

Nikamwambia, "Mama, ile seva mliambiwa ni shingapi vile?"

Akacheka, akasaini vocha.

Lakini hela niliyopata siku ile haikuwa kubwa, kubwa ilikuja baadaye nilipoacha kuuza kazi ya siku moja nikaomba mkataba wa matunzo wa kila mwezi. Na kwenye ule mkataba kuna kipengele kimoja ambacho ndo kinanilipa mpaka leo: kila mwezi nachukua bakapu yao nairudisha kwenye kompyuta nyingine iliyopo hapohapo ofisini, nahesabu wanachama, najumlisha akiba zote, namwita mhasibu tunalinganisha na leja yake, zikikubaliana tunaprinti ukurasa mmoja tunasaini wote wawili, unaingia kwenye faili la bodi. Bodi hawajui indeksi ni nini na hawana haja, ila ule ukurasa wanauelewa. Nilipokuja kuomba kuongezewa hakuna aliyeniuliza kwani unafanya nini. Halafu nafanyia palepale ofisini, sibebi data za watu kwenye laptopu yangu nyumbani, kwasababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa zisajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu wa databesi anayeweza kukaa na meneja akamweleza nani anaona nini kwenye mfumo wake na kwanini, huyo saivi ana cha kuuza ambacho developa wa kawaida hana.

Kuna mtego mmoja wa kwetu huku mikoani lazima niuseme. Tangazo linasema Afisa TEHAMA, unaingia kazini unakuta wewe ndo wa printa, wewe wa kamera za ulinzi, wewe wa tovuti, wewe wa kuposti Instagram, wewe wa databesi, na simu ya bosi ikigoma wewe pia. Ni lumbesa kama ile ya viazi, gunia moja kwa bei ya gunia moja lakini juu limeshonewa lingine. Kwa mwaka wa kwanza wala sio vibaya, utajifunza mengi, ila ukikaa miaka minne humo unakuja kwenye interviu ya kazi ya databesi unaulizwa umewahi kurudisha databesi iliyoharibika, umewahi kuhamisha data toka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kupoteza salio la mtu, unabaki unaelezea printa. Mwenye kujua kitu kimoja kwa kina ndo anayelipwa, na ukitaka kipimo angalia ulichofanya mwezi uliopita, kama databesi ilikuwa siku mbili tu basi wewe bado ni fundi wa ofisi hata cheo kiseme vingine.

Serikalini ni habari nyingine. Kule skeli za mishahara zipo, zinaitwa TGS, mshahara wa msingi wa Mbarali na wa Dodoma ni uleule kama daraja ni moja, hakuna kujadiliana, unapanda kwa daraja na miaka. Kuna mamlaka na mashirika yana skeli zake na yanalipa vizuri zaidi, ndo maana ukienda usaili wa Ajira Portal kwa nafasi tatu unakuta umati. Wanaodharau serikali kwa kuangalia mshahara tu wanasahau makato, kule mfuko wa pensheni ni PSSSF, mwajiriwa anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15, wakati binafsi NSSF kawaida ni 10 kwa 10. Na uhakika wa tarehe ya mshahara nao ni hela, muulize aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni changa.

Tuje kwenye makato sasa, manake hapa ndo vijana wengi wanalia mwezi wa kwanza. Tuseme umepewa ofa ya 1,500,000 ofisi binafsi na ulisoma kwa mkopo wa bodi. NSSF yako asilimia 10 ni 150,000, inabaki 1,350,000 ndo inayopigwa PAYE, kodi ya mshahara, kwa viwango vya sasa inayozidi milioni moja ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi, kwahiyo 128,000 na 105,000, jumla 233,000. Bodi ya mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. Mkononi 892,000. Bima bado hujakatwa. Umeshamwambia mama nyumbani nimepata kazi ya milioni moja na nusu, sasa hapo kwenye laki nane na tisini utajua mwenyewe.

Upande wa mwajiri nao uangalie, sio kwa kumwonea huruma ila kwa kujua anahesabuje. Ile milioni moja na nusu yako yeye inamtoka na NSSF ya upande wake 150,000, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, na kama ana wafanyakazi kumi au zaidi SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5. Ukijumlisha inafika 1,710,000. Ndo maana wengine wanakuja na lugha tamu, tukupe mkataba wa ushauri, tutakukata asilimia 5 tu ya kodi ya zuio. Mwezi wa kwanza utafurahi, mkononi ni 1,425,000, lakini hapo hakuna pensheni, hakuna likizo yenye malipo, na TRA mwisho wa mwaka bado mna hesabu zenu, lile zuio ni malipo ya awali tu. Mtu akikupa mkataba wa hivyo bei yako lazima ipande. Mimi sikubali chini ya nyongeza ya theluthi moja juu ya mshahara ambao ningepewa, na hata hapo naangalia nani ananunua vifaa.

Halafu kuna zile namba za Marekani watu wanatumiana WhatsApp. Ni za kweli, ofisi yao ya takwimu za kazi kwa Mei 2024 inasema developa wa programu mshahara wa katikati ni dola 133,080 kwa mwaka, msimamizi wa databesi dola 104,620, na mbunifu wa databesi dola 135,980. Ila soma vizuri. Ni kwa mwaka na sio kwa mwezi, ni kabla ya kodi, na wa katikati maana yake nusu yao wako chini ya hapo, na ni watu wanaopanga nyumba kule na sio Uyole. Mimi kilichonivutia pale ni ile tofauti ya msimamizi na mbunifu, zaidi ya dola 30,000, wote watu wa databesi. Kazi za kila siku za usimamizi, kuchukua bakapu, kuweka masahihisho, kufuatilia nafasi kwenye diski, siku hizi huduma za databesi za mtandaoni kama Amazon RDS iliyoanza 2009 zinazifanya zenyewe. Kuamua data ya biashara ikae vipi ili miaka mitano mbele isije ikawakaba, hiyo mashine haijui muamala wa mkulima ni nini.

Na teknolojia kidogo nayo inachangia, sio kwamba haichangii. Leseni ya Oracle, databesi ya kulipia, ile ya Enterprise bei ya kitabuni ni dola 47,500 kwa prosesa moja, na sapoti asilimia 22 kila mwaka juu yake. Mwenye kulipa hiyo, mabenki na makampuni ya simu, hawezi kumkabidhi mtu wa laki tano. Shida ni kwamba makao makuu yao wengi yako Dar, kwahiyo ukichagua njia hiyo jiandae kupanda basi. Ukitaka kubaki huku, databesi za PostgreSQL na MySQL zinakutosha kabisa, ni bure, na hela ambayo mteja angelipa leseni mwambie wazi sehemu yake ije kwenye matunzo.

Kazi za nje kwa mtandao zipo na ninazifanya, hela inaingia kwa Payoneer, huduma ya kupokea malipo toka nje, ila usiingie kwa tamaa. Unashindana na mtu wa Nairobi, wa Lagos, wa India, na wengi wakishajua uko Mbeya wanataka kukulipa bei ya Mbeya. Taja bei ya kazi kabla hujaulizwa unaishi wapi. Hesabu pia inveta na laini mbili za intaneti, umeme ukikatika katikati ya kikao mteja wa nje hakuelewi, hizo ni gharama za kazi sio anasa. Kwa wateja wa ndani sahau dola, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, andika shilingi.

Kingine ni majira ya kuomba, hili watu hawaliangalii kabisa. Serikali mwaka wao unaanza Julai, bajeti zinaandaliwa miezi mingi kabla, kwahiyo ukienda halmashauri mwezi wa tano na proposo yako nzuri utapewa soda tu. SACCOS nyingi ninazozijua zinafunga mwaka Desemba na makisio yanapitishwa na mkutano mkuu kabla ya hapo, mimi barua yangu ya kuomba kuongezewa inafika Septemba, pamoja na nakala za zile kurasa za bakapu zilizosainiwa. AMCOS za kahawa nenda wakati wa malipo ya msimu wakulima wamejaa dirishani na mfumo unatambaa, hapo hata hujaanza kueleza meneja ameshakuvutia kiti.