Maswali na majibu: Chuo kikuu cha umma Ujerumani

Nimesikia vyuo vya umma Ujerumani havina ada. Ni kweli au maneno ya mawakala? (Msomaji, Moshi)

Kwa sehemu kubwa ni kweli, kwa sababu gharama zinabebwa na serikali ya jimbo. Ila kila jimbo lina sheria yake. Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Huko Bavaria, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula mwaka 2024. Kwa hiyo usiulize "Ujerumani ni bure?" Uliza jimbo gani, chuo gani, programu gani. Hata pasipo na ada, kuna mchango wa kila muhula unaoendesha kantini na mabweni, na mara nyingi hulipia usafiri pia.

Kinachowakwamisha wengi ni akaunti ya benki ya fedha za kujikimu inayodaiwa ili upate viza, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 inatakiwa iwe na euro 11,904, na ukifika unaruhusiwa kutoa 992 tu kwa mwezi. Wakala anayekuambia "bure" bila kutaja hiyo hela, achana naye.

Nina GPA ya 3.4 kati ya 5. Programu ninayoitaka ya uzamili inadai "2.5 au bora zaidi". Si nimepita? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, ndugu yetu. Kule alama bora ni 1.0, ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, na 5.0 ni kufeli. Kubadilisha, vyuo hutumia kanuni ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa, toa yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Ikiwa chuo chako kinafaulisha kuanzia 2.0, hesabu yako ni (5 − 3.4) ÷ (5 − 2) × 3 + 1, yaani 2.6. Umekosa kwa 0.1 tu. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili na anatimiza sharti. Tafuta programu yenye kikomo cha 2.7 au 3.0, zipo. Na hakikisha nakala ya matokeo yako inaonyesha alama ya chini ya kufaulu, la sivyo mkaguzi atakadiria mwenyewe.

Kaka yangu yuko huko mwaka wa kwanza, anasema vipindi ni vichache mno. Anasoma kweli? (Msomaji, Mombasa)

Huenda anasoma, huenda pia amejisahau. Muhula mmoja ni pointi 30 za ECTS, yaani mfumo wa Ulaya wa kupima wingi wa kazi ya masomo, na kila pointi huhesabiwa kama saa 30 za kazi. Somo la pointi 5 ni saa 150. Mhadhara wa dakika 90 kwa wiki 14 unakula saa 21. Ukiwa na semina yake ni 42. Saa 108 zilizobaki ni zake mwenyewe na maktaba, na hakuna mwalimu atakayemfuata kuuliza amesoma nini.

Wageni wengi huanguka kwenye usajili wa mitihani kuliko kwenye ugumu wa masomo. Kuandikishwa kwenye somo hakukuandikishi kwenye mtihani. Mtihani una usajili wake mtandaoni, na dirisha hufungwa wiki kadhaa kabla. Aliyechelewa husubiri nafasi nyingine, pengine muhula ujao. Akifeli, vyuo vingi humruhusu kurudia mara mbili tu. Akifeli ya mwisho katika somo la lazima, usajili wake unafutwa, na kwa kawaida programu hiyohiyo hawezi kuisoma tena chuo kingine cha Ujerumani. Mwulize kaka yako swali moja: umeshajisajili mitihani?

Jambo dogo: ratiba ikiandika "10 c.t.", kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi. Ikiandika "s.t.", ni saa nne kamili, na mitihani mingi huwa hivyo.

Nina miaka 31. Nimechelewa? (Msomaji, Kigali)

Kwa chuo, hapana. Kwa bima ya afya, kuna shida: nafuu ya wanafunzi katika bima ya umma huishia ukitimiza miaka 30. Baada ya hapo, kwa kawaida mgeni hubaki na bima binafsi, ambayo bei na masharti yake hutofautiana sana. Ipange kabla ya viza, kwani bila uthibitisho wa bima chuo hakikusajili.

Naruhusiwa kufanya kazi? (Msomaji, Kampala)

Siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi ya usaidizi ndani ya chuo haihesabiwi humo, ndiyo maana hugombaniwa.

Kuna chuo kinachofundisha Kiswahili? (Msomaji, Lamu)

Vipo kadhaa: Leipzig, Hamburg, na Bayreuth, ambako taaluma za Afrika zimepewa uzito tangu chuo kilipofunguliwa mwaka 1975. Bayreuth pia huwa na kongamano la Kiswahili, na mawasilisho mengi hutolewa kwa Kiswahili chenyewe. Ukitaka uzamivu wa fasihi au isimu, kwanza mwandikie profesa ukiambatisha pendekezo la kurasa chache. Ombi lisilo na msimamizi aliyekubali huwa halifiki mbali.