Figo za mbwa zimeshindwa: dripu au kumpumzisha?

Pole sana dada. Umesema mbwa wako ana miaka 12, figo zimeshindwa, ameshatundikiwa dripu na bado hataki kula, na daktari amekuachia uamuzi: kuendelea na dripu au kumpumzisha, yaani kumchoma sindano afe bila mateso. Angekuwa mtoto wa mbwa mwenye parvo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha) ningekwambia pambana, maana wengi wakitibiwa mapema na kuvuka zile siku chache za mwanzo hupona kabisa. Lakini figo za mbwa mzee zikishachakaa hazirudi kuwa zima. Dripu inapunguza sumu kwenye damu kwa muda tu.

Muulize daktari: kreatinini (uchafu kwenye damu ambao figo hutakiwa kuutoa) imeshuka baada ya dripu, au iko palepale? Kama imeshuka na ameanza kulamba hata mchuzi, mpe nafasi. Kama haijashuka, anatapika hata maji, mdomo una vidonda na harufu kama ya mkojo, hainuki hata kwenda kukojoa, mimi ningempumzisha. Tena mapema, mchana, kabla hajazidiwa usiku ambapo daktari hapatikani.

Mwambie daktari amchome kwanza dawa ya kumlegeza, ndipo ampe pentobabitali, dawa ya usingizi kwa dozi kubwa ya kumaliza uhai, kwenye mshipa. Atapoteza fahamu kabla moyo haujasimama. Kaa naye umshike kichwa, anakujua kwa harufu na sauti.

Mtu akikushauri sumu, kataa kabisa, ni mateso makali. Na kwa sasa usimpe dawa za maumivu za diklofenaki wala ibuprofeni, zinamalizia figo.